Masasi Ilipochomwa na Kujengwa Tena

Wanafunzi, fungueni ramani ya Tanzania, mkautafute mji wa Lindi ulioko pwani ya kusini. Vuteni kidole kuelekea kusini-magharibi, hata mfike Masasi penye vilima vya mawe matupu. Kisha geukeni mashariki, kusini kidogo, mpande nchi ya juu ya Wamakonde, nanyi mtaiona Newala. Mtu akisimama ukingoni mwa Newala huliona bonde la Ruvuma mbali chini yake. Leo motokaa huzipita njia hizi kwa saa chache tu. Lakini watu ninaotaka kuwasimulieni habari zao walikwenda kwa miguu, mizigo vichwani na watoto mgongoni.

Watu hao walikuwa wametekwa katika nchi za bara, wengi wao karibu na Ziwa Nyasa, wakashushwa pwani kuuzwa. Manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi yaliyowachukua, nao wakawekwa huru Unguja, wakatunzwa na misioni ya U.M.C.A. huko Mbweni. Wengi walitamani kurudi makwao. Basi katika mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetunga vitabu vingi vya Kiswahili, akasafiri pamoja nao mpaka Lindi, wakashika njia ya bara. Shabaha yao ilikuwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, tena maji yapo, nao wakaomba wakae papo hapo. Askofu akakubali. Mwezi wa Novemba mwaka ule wakaanza kufyeka msitu na kujenga.

Nyumba zao zilikuwa kama nyumba nyingi za nchi ile: miti hukitwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba za magome, ukuta hukandikwa udongo, na juu huezekwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo hujengwa upesi, tena ina baridi wakati wa jua. Lakini kaa moja la moto latosha kuiteketeza. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Kijiji kikakua kwa muda wa miaka sita. Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere akafariki Unguja. Watu wa Masasi walikuwa bado katika matanga yake zilipokuja habari mbaya zaidi. Mwezi wa Septemba Wangoni kutoka magharibi, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, wakakishambulia kijiji. Wengine wakauawa, nyumba zikachomwa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyekwisha kutekwa mara moja, akavuka bahari, akawekwa huru, akarudi karibu na kwao, akalima shamba lake mwenyewe, sasa afungwa kamba mara ya pili! Mimi huona kwamba hasara ya nyumba si kitu mbele ya hasara hiyo.

Padre mmoja, W. C. Porter, hakukubali kuwaacha mateka wale. Alisafiri mpaka nchi ya Wangoni kwenda kutafuta njia ya kuwakomboa. Safari ile ilikuwa ya hatari, kwa maana alikuwa akiwaendea watu wale wale waliokwisha kuichoma Masasi.

Waliosalia wakafanya shauri. Je, wajenge tena juu ya majivu, au wahame? Padre Chauncy Maples akawaongoza wengi wao kwenda Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, aliyewapokea. Mahali pale palikuwa na ulinzi ambao Masasi haikuwa nao. Nchi ya juu ya Wamakonde imefunikwa vichaka vilivyosongamana, na Wamakonde walijua tangu zamani kuvifanya boma lao: adui asiyejua vijia hupotea humo, huku miiba ikimrarua. Lakini ulinzi ule ulikuwa na bei yake, nayo ni maji. Udongo wa huko ni wa mchanga, hunywa mvua yote, wala hakuna kijito juu. Wanawake walitelemka bondeni na mitungi mitupu, wakapanda genge na mitungi iliyojaa, siku kwa siku. Basi mwenye kujenga huko ilimpasa kuhesabu hata maji ya kukandia udongo wa ukuta wake.

Pamoja na hayo Masasi haikusahauliwa. Baada ya miaka michache hatari ilipopungua, wako waliorudi, wakajenga tena, na Padre Porter akafanya kazi pale miaka mingi.

Hata mwaka wa 1905 vita vya Maji Maji vikatokea, watu wakiupinga utawala wa Wadachi. Vilianza kwa Wamatumbi mwezi wa Julai, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha vilikuwa vimefika Masasi. Wamisioni wakakimbia, na majengo yakachomwa tena. Baada ya vita ikaja njaa kuu katika nchi za kusini. Kwa hiyo waliorudi kujenga mara hii walifanya kazi na matumbo matupu.

Hapo ndipo nawarudisha kwenye lile kaa la moto. Vilima vya Masasi vimejaa mawe, na kanisa kuu lililosimama pale baadaye limejengwa kwa mawe. Mwaka wa 1926 Masasi ikapewa askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas.

Maswali. Kwa nini watu wa 1876 hawakuendelea mpaka Nyasa? Ungalikuwa wewe mwaka wa 1882, ungalichagua maji ya Masasi au vichaka vya Newala? Mwulize mzee wa kwenu jinsi nyumba za fito zinavyojengwa, kisha uandike majina ya miti inayofaa.