Si Kila Chenye Utomvu ni Mbungo



Safari hii tunajifunza juu ya mmea mmoja mtambazi ambao kwa macho ni mzuri sana. Wataalamu huuita Cryptostegia grandiflora. Asili yake ni Madagaska. Watu waliupanda nyumbani kwa ajili ya maua, ukatoroka, na sasa unaota porini hapa Kenya na hata Ethiopia.

Kazi ngumu ni kuutambua. Tulitembelea kikundi kimoja tukakuta vijana wamefyeka ukingo wa mto, safi kabisa. Kumbe walichokata ni mbungo! Bibi mmoja akauliza, "Sasa watoto watakula nini?" Tulinyamaza, maana sisi ndio tuliowaambia wakate kila mtambazi wenye utomvu mweupe.

Basi tazameni vizuri. Mimea yote miwili hutoa utomvu kama maziwa. Lakini mbungo una maua meupe yanayonukia, na tunda lake ni la mviringo, mnalijua. Huu mgeni una maua makubwa ya zambarau hafifu, mfano wa tarumbeta, na majani ya kung'aa yanayokaa mawili mawili. Matunda yake ni maganda magumu yaliyochongoka, nayo hukaa mawili mawili kama pembe za ng'ombe. Yakikauka hupasuka, na kila moja lina mamia ya mbegu zenye manyoya laini. Upepo huzibeba, mto nao huzibeba.

Mmea huu huparamia miti hata mita 30, ukaifunika isipate jua, mpaka ife. Huko Queensland, Australia, uliletwa kama ua katika karne ya 19, ukateka kingo za mito mingi. Tena ni sumu. Mbuzi au ng'ombe akiula, unamshika moyo, anaweza kufa.

Miche ng'oeni na mizizi yake. Ule mkubwa kukata tu haitoshi, utachipuka, chimbeni. Fanyeni kabla maganda hayajakauka. Kama yamekauka, yachumeni kwanza polepole, mtie guniani, mchome. Utomvu usiingie machoni. Na anzeni upande wa juu wa mto, ama sivyo mbegu zitawafuata kila mwaka.

Kazi ya kikundi: kabla ya mkutano ujao, pitieni mto pamoja na mzee anayeujua mbungo. Kila mbungo mtakaouona, ufungeni kitambaa. Hapo ndipo mshike panga.