Kuunda Pikipiki ya Kale Darasani: Njia Mojawapo ya Kufundisha Uwiano

Mwalimu anayejifunza kazi yake mkoani Shinyanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta zana za kufundishia uwiano. Mjini hapa baiskeli za kubeba abiria zimejulikana kwa miaka mingi kwa jina la daladala, na mtoto huwapita mafundi wakitia viraka chini ya mti kabla hajafika shuleni. Hata hivyo, somo la uwiano bado hufundishwa mara nyingi kwa vibarua wa kufikirika wanaolima shamba lisiloonekana. Makala haya yanaeleza njia nyingine, niliyoijaribu kwa vipindi vinane na Darasa la Sita: kuunda tangu mwanzo kielelezo cha pikipiki ya kale.

Mwalimu aanze kwa kusimulia habari za chombo chenyewe. Mwaka 1885, huko Cannstatt karibu na Stuttgart, Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waliunda chombo cha magurudumu mawili chenye injini. Walifanya kazi katika banda la bustani, nyumbani kwa Daimler. Fremu ilikuwa ya mbao, na magurudumu yalikuwa ya mbao yenye pete za chuma. Pembeni palikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kukizuia kisianguke. Injini ya silinda moja, yenye ukubwa wa sentimeta za ujazo 264, ilitoa nusu tu ya nguvu ya farasi. Chombo hicho cha asili kiliteketea kwa moto mwaka 1903, na vinavyoonyeshwa leo katika majumba ya makumbusho ni vile vilivyoundwa upya. Jambo hili liambiwe darasa mapema, kwa sababu huwaondolea watoto woga. Na iwapo Ujerumani ni mbali mno, zitajwe chukudu za Goma, ambazo mafundi wa Kivu huzichonga kwa mbao, magurudumu yakiwa ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, nazo hubeba mizigo mizito bila injini wala kanyagio.

Sasa lije swali, ambalo ndilo moyo wa somo. Injini ya Daimler ilizunguka kiasi cha mara 600 kwa dakika, na chombo kilikwenda kiasi cha kilometa 12 kwa saa. Wanafunzi wageuze mwendo huo uwe meta kwa dakika. Watapata meta 200. Tuchukue kwamba mzingo wa gurudumu ni meta 2. Basi gurudumu lilizunguka mara 100 kwa dakika, hali injini ilizunguka mara 600. Zile mara 500 zimekwenda wapi? Mwalimu asijibu. Darasani kwangu mwanafunzi mmoja alisema zimepotea kwa moshi, na wenzake wakamkubali. Niliwaacha na jibu hilo hadi kipindi kilichofuata, kwa kuwa mikono yao ingelikanusha vizuri zaidi kuliko ulimi wangu.

Vifaa ni vya kuokota: vipande vya mbao za mkaratusi, misumari, kigurudumu cha uzi kisicho na uzi, na tyubu ya baiskeli iliyokwisha kutupwa. Puli kubwa ichongwe kwa ubao, kipenyo sentimeta 18. Kigurudumu cha uzi chenye kipenyo cha sentimeta 3 kiwe puli ndogo, nacho kitiwe mkono wa kuzungushia mahali pa injini. Mkanda ukatwe kutoka kwenye tyubu. Kupata kitovu cha puli kubwa, duara la karatasi la ukubwa uleule likunjwe mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo penye kitovu. Kundi litakalokisia kwa jicho litapata gurudumu linaloyumba, na liachwe litafute sababu. Vipimo vikiwa sawa, mkono huzungushwa mara 6 na gurudumu mara 1, na hapo habari ya moshi huisha.

Sina budi kueleza kosa nililolifanya, ili msomaji asilirudie. Katika kundi la tatu mkanda uliteleza: mkono ulizunguka, gurudumu likasimama. Nilikuwa naanza kueleza habari za msuguano ubaoni wakati mvulana mmoja aliposimama bila kuitwa, akasema jambo kwa Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili. Nilimkatiza. Alikuwa mtoro, na Jumatatu nyingi jina lake liliandikwa kwa wino mwekundu katika rejista. Alikaa. Nilipogeuka tena ubaoni alipigilia msumari kando ya mkanda, akauvika kipande cha bua la mtama, akausukuma mkanda kwa ndani. Mkanda ukaikumbatia puli ndogo zaidi, na gurudumu likaenda.

Nilimwuliza alikojifunzia. Alijibu kwamba kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu, mkanda ukilegea hutiwa roda ya kuukazia. Daimler naye alitumia ukazaji wa mkanda: ulipokazwa chombo kilikwenda, ulipolegezwa injini ilizunguka peke yake. Mtoto yule alikuwa amefika alipofika Daimler, nami nilikuwa nimempa sifuri katika zoezi la maandishi juma lililopita. Nilimwita mbele aeleze tena, kwa lugha yoyote aliyotaka. Alikuja Jumatatu mbili mfululizo. Ya tatu hakuja, na mwenzake aliniambia amekwenda Geita.

Sisemi kwamba nikimsikiliza mapema angebaki. Karasha si mahali pa mtoto. Vumbi lake huua mapafu na mikanda yake hukata vidole. Lakini mtoto wa namna hiyo huja darasani na maarifa ambayo mwalimu hana, na asipoulizwa huamini kwamba shule haiyahitaji. Tangu hapo, kabla ya kuanza kuunda, huuliza kila kundi: nani amewahi kuona mkanda ukifanya kazi, na wapi? Katika alama huwapa nusu wale wanaoeleza kwa nini chombo chao kilikwama, hata kama hakikwenda hadi mwisho.

Kipindi cha nane darasa liende kwa fundi wa pikipiki. Wahesabu meno ya sproketi. Tuseme mbele 14 na nyuma 42, uwiano ni 1 kwa 3, mbali na upunguzaji uliomo ndani ya sanduku la gia. Kisha waulizwe kwa nini mwenye kubeba magunia ya pamba hutaka sproketi kubwa zaidi nyuma. Warudi nyumbani na swali hilo.