Umemwombea Mtoto. Je, Umeketi Naye?

SOMO LA WIKI: FAMILIA
Andiko la somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9
Mstari wa kukariri: Mithali 22:6 (ukariri pamoja na mtoto wako, si peke yako)



Kila mwaka mitihani ikikaribia, makanisa yetu mengi hutenga Jumapili moja ya kuwaombea watahiniwa. Mnaijua siku hiyo. Watoto wanapanga foleni mbele ya madhabahu wakiwa na sare za shule, wengine wameshika kalamu na rula ziombewe, na wazazi wamesimama nyuma yao wakilia kwa machozi. Ni jambo jema na hatutaliacha. Lakini Jumapili moja kama hiyo mhubiri alikatiza maombi akauliza: "Mzazi, mwalimu wa darasa wa mtoto huyu anaitwa nani?" Kanisa likanyamaza. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya kuhesabika. Akauliza tena: "Na ni somo gani linalomsumbua zaidi?" Wazazi wakawaangalia watoto, watoto nao wakaangalia sakafu.

Mimi ninayeandika somo hili nilikuwa kati ya wale ambao hawakuinua mkono. Muhula mzima nilikuwa natia sahihi diari ya mtoto wangu asubuhi, mguu mmoja uko nje, bila kusoma. Siku niliyoketi nikaifungua, nilikuta mwalimu ameandika mara tatu kwamba mtoto anatatizika kusoma na angependa kuniona. Mara tatu! Na chini ya kila ujumbe kulikuwa na sahihi yangu. Jioni hizo zote nilikuwa wapi? Kanisani. Kamati, mazoezi ya kwaya, kesha. Sikuwa baa. Nilikuwa katika kazi ya Bwana, na mtoto aliyenipa Bwana huyohuyo alikuwa anaachwa nyuma na wenzake.

Kwa hiyo somo hili si la kumhukumu mtu. Ni la kutuamsha sote.

KAZI HII NI YA NANI?

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anazungumza na Israeli wakiwa karibu kuingia Kanaani. Angalia vizuri anamwambia nani. Hasemi na Walawi peke yao. Anasema na kila mwenye nyumba: maneno haya yakae kwanza moyoni mwako wewe, halafu uwafundishe watoto wako kwa bidii.

Ni kweli, hapo Musa anaongea juu ya amri za Mungu, si juu ya hesabu na sayansi. Lakini soma Mithali uone. Kuanzia sura ya kwanza mstari wa 8 ni sauti ya baba na mama wakimfundisha mtoto: kazi, pesa, marafiki, ulimi, uvivu, hata chungu wanavyoweka akiba. Kwa Mungu maisha ya mtoto hayakukatwa vipande, hiki cha kanisa, hiki cha shule. Mwalimu ni msaidizi wako. Mwenye dhamana mbele za Mungu ni wewe.

Wengi wetu tunasema, "Mimi nimelipa ada, nimenunua sare, kazi iliyobaki ni ya mwalimu." Mpendwa, ada ni lazima, lakini ada haiwezi kuketi na mtoto. Hata sheria ya nchi haikubali tujitoe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa shule na anahudhuria. Sheria hiyohiyo imeweka chama cha wazazi shuleni, na ukiwa na mtoto pale wewe ni mwanachama. Mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, nao unamhesabu mzazi kama mshirika katika kujifunza kwa mtoto.

Sasa tunafanyaje? Musa ametupa ratiba. Anataja nyakati nne: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Tuzichukue moja moja.

1. UKIKETI NYUMBANI

Tafuta dakika kumi na tano kila jioni. Sikusema saa mbili. Runinga izimwe, simu iwekwe kando, na yako pia. Kama nyumba ni chumba kimoja, basi upande mmoja wa meza uondolewe vyombo uwe wa vitabu kwa hizo dakika. Fungua daftari. Fungua diari, usome kabla ya kutia sahihi. Mwalimu akiandika ujumbe, jibu, hata kama ni mstari mmoja.

Halafu mwambie mtoto asome kwa sauti. Hapa sisi tuliookoka tuna nafasi nzuri sana, kwa sababu tuna madhabahu ya familia. Usisome wewe kila siku. Mpe mtoto Biblia, asome mistari mitano, Kiswahili leo, lugha ya mama kesho. Utagundua mapema kama anasoma kweli au amekariri. Ukiona mtoto wa Gredi ya 4 anababaika katika kila neno, umepata habari ambayo ungeweza kuikosa hadi afike Gredi ya 9. Nenda kwa mwalimu wiki hiyohiyo. Ukiona anasogeza kitabu karibu sana na uso, au hasikii unapomwita kwa nyuma, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Kuna watoto wanaitwa wazembe na kumbe hawaoni ubao.

Na jambo la miradi ya CBC. Tuseme ukweli: tumelalamika sana kuhusu maboksi, gundi na kuchapisha picha kule saiba usiku. Gharama ni kweli, na ukilemewa mwambie mwalimu, maana mara nyingi vitu vilivyoko nyumbani vinatosha. Lakini kuna wazazi wanaomwambia mtoto, "Nenda ulale, mimi nitamaliza." Ukimfanyia mtoto kazi yake, aliyejifunza ni wewe. Mwanasesere wa majani ya migomba uliopinda, alioutengeneza mwenyewe, una faida kuliko ule mzuri ulioushona wewe.

2. UKITEMBEA NJIANI

Yesu alifundisha akitembea. Mpanzi, mashamba, ndege wa angani, samaki: vyote vilikuwa kitabu chake.

Mama mboga, wewe una darasa pale kwa kibanda. Mwambie mtoto, "Mteja amenunua sukuma ya ishirini na nyanya za thelathini, ametoa mia mbili, tumrudishie ngapi?" Mtoto anayerudisha chenji kila Jumamosi haogopi kutoa na kujumlisha. Fundi, mwache mwanao apime ubao kabla hujakata. Mkulima, mwulize ni mistari mingapi ya mahindi, na kila mstari una mashimo mangapi. Ukiwa kwa matatu, asome vibao vya barabarani. Ukipika chapati, apime unga.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Kumfundisha mtoto kazi si kumfanya mfanyakazi. Mtoto anayebaki nyumbani siku ya soko kila wiki ili kulea mdogo wake au kuuza, huyo hajifunzi, anaibiwa. Siku moja kwa wiki ni siku nne kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka mzima mwenyewe.

3. UKILALA

Kabla ya kulala, mtoto hufungua moyo. Mchana ukimwuliza "shule ilikuwaje?" atakujibu "sawa." Usiku mwulize tofauti: Leo ni kitu gani kilikuwa kigumu? Ni nani alikusaidia? Kuna mtu anayekuogopesha? Halafu unyamaze, usikilize. Kuna watoto wanaodhulumiwa njiani au shuleni, na mzazi ni wa mwisho kujua, kwa sababu hakukuwa na dakika ya kumsikiliza.

Hapa pia ndipo tunapozungumza juu ya matokeo. Wengi wetu tulisomea 8-4-4, ule mfumo ulioanza mwaka 1985, na swali letu lilikuwa moja tu: "Umekuwa namba ngapi?" Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Ripoti za sasa zinapima mtoto kwa viwango vinne vikuu: EE, amezidisha matarajio, ME, amefikia matarajio, AE, anakaribia, BE, yuko mbali na matarajio. Kwa hiyo ukiona AE katika Hisabati, usipige kelele, wala usitaje mtoto wa jirani. Mwulize mwalimu, "Anakaribia, amebakisha nini?" Hilo ni swali la mzazi anayejua anachotafuta.

Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakate tamaa (Wakolosai 3:21). Kofi halijawahi kumfundisha mtu kusoma. Linamfundisha kuficha daftari.

4. UKIAMKA

Asubuhi ni ya baraka. Mtoto atoke amekula, hata kama ni uji mtupu, atoke mapema, na atoke umemwekea mkono kichwani ukamwombea kwa jina lake. Sekunde ishirini zinatosha. Mtoto aliyeondoka nyumbani kwa matusi hufika darasani akiwa bado anayasikia.

Na shule ikiita mkutano, enda. Akina baba, nasema na sisi. Ukiingia katika mikutano mingi ya wazazi utadhani watoto wa eneo hilo hawana baba. Kitabu cha sheria kinasema mzazi, hakisemi mama. Kama wewe ni kibarua na siku hiyo hakuna ruhusa, piga simu, au pita shuleni siku nyingine umsalimie mwalimu. Usisubiri hadi kuwe na kesi.

LAKINI MIMI SIKUSOMA

Ndugu, dada, nyanya unayelea wajukuu, usijitoe. Timotheo alilelewa katika imani na mama yake Eunike na nyanya yake Loisi (2 Timotheo 1:5), na baba yake alikuwa Myunani (Matendo 16:1). Paulo anasema Timotheo aliyajua Maandiko tangu utotoni (2 Timotheo 3:15). Nyumba ile haikuwa na kila kitu, lakini ilikuwa na watu wawili walioketi na mtoto.

Huhitaji kujua Hisabati za Gredi ya 7 ili kusaidia. Mwambie mtoto, "Nifundishe mimi ulichosoma leo." Akiweza kukueleza ukaelewa, ameelewa. Akikwama, umejua pa kuuliza. Mtoto akiona mzazi ambaye hakupata shule anaheshimu kitabu kiasi hicho, atakiheshimu.

Na kama mtoto yuko bweni, au wewe unafanya kazi mbali, mkumbuke Hana. Samweli alikuwa mbali, huko Shilo, lakini kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo akampelekea (1 Samweli 2:19). Ili kushona kanzu ya mtoto lazima ujue amekua kiasi gani. Hana alikuwa mbali, na alijua kipimo cha mwanawe.

Eli naye alikuwa palepale hekaluni. Alikuwa kuhani, amezungukwa na ibada, na bado wanawe walipotea, na Mungu akamwambia kosa lake: alijua wanayofanya na hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Andiko hili huniogopesha kuliko mengi, kwa sababu lilimhusu mtumishi. Tunaohudumu kanisani, tupange ratiba zetu upya. Kamati inaweza kusubiri hadi Jumamosi. Mtoto wa Gredi ya 2 anajifunza kusoma mwaka huu.

Mtoto wangu alichukua karibu mwaka mzima kuwafikia wenzake. Tulisoma naye Marko yote, mistari mitano kwa siku. Bado ninamwombea, tena zaidi ya zamani, kwa sababu sasa ninajua ninaomba nini.

KAZI YA WIKI HII

Jumatatu: soma diari na daftari zote za mtoto, ukurasa kwa ukurasa.
Jumatano: jua jina na namba ya simu ya mwalimu wa darasa, umsalimie.
Kila jioni: mtoto asome mistari mitano kwa sauti katika ibada ya nyumbani.
Jumamosi: mfundishe jambo moja kutoka katika kazi yako.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya nyakati nne za Kumbukumbu la Torati 6:7, ni upi ambao nyumba yako imeupoteza? Ni nini kimechukua nafasi yake?
2. Katika ushirika wetu kuna mzazi anayelea peke yake, au nyanya anayelea wajukuu? Ni nani kati yetu anayeweza kuketi na watoto wake jioni mbili kwa wiki?
3. Huduma yako kanisani inakuachia jioni ngapi nyumbani? Zinatosha?

OMBI

Baba yetu uliye mbinguni, tunatubu. Tumekuletea watoto wetu madhabahuni na tumewaacha peke yao mezani. Utusamehe. Utupe subira tunapochoka, na masikio ya kuwasikiliza. Uwabariki walimu wao. Na pale tulipochelewa, Bwana, utusaidie kuanza leo. Katika jina la Yesu, Amina.