Mkimtafuta Mwanasaikolojia, Ulizeni Kwanza



Katika mafundisho ya ndoa kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, wenzao wakishaondoka: "Mwalimu, tumejaribu kila njia. Sasa tumeshauriwa twende kwa mwanasaikolojia. Huyo ni mtu wa namna gani, na tutajuaje kama anatufaa?"

Swali hili ni zuri, na leo tutalijibu hatua kwa hatua. Wengi wetu tumezoea kuketi mbele ya mtaalamu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, tukiitikia kila neno. Lakini mtu mtakayemfungulia mambo ya ndani ya nyumba yenu, yafaa mumwulize maswali kwanza. Kuuliza si ujinga, tena si utovu wa adabu. Ni haki yenu, na mtaalamu mwema hatakasirika.

1. Je, ni upungufu wa imani?

Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba maarifa ya saikolojia yana nafasi katika kuwahudumia waamini, na kwamba wataalamu wa elimu hiyo wanaweza kuisaidia sana ndoa na familia. Hata Biblia, katika kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38, inatuhimiza kumheshimu tabibu.

Tukumbuke pia kwamba si kila tatizo la ndoa ni dhambi. Mama aliyepoteza mtoto na tangu siku hiyo hawezi kuzungumza na mumewe bila kulia, ana jeraha. Baba aliyeachishwa kazi akawa mkimya na mwenye hasira, huenda naye ana jeraha. Kitubio huondoa dhambi, na sala hutia nguvu. Jeraha nalo lahitaji mtu aliyesomea kulifunga. Mambo haya hayapingani.

2. Nani ni nani?

Watu wengi huchanganya wasaidizi hawa. Tuwatofautishe.

Wasimamizi wa ndoa na wazee wa ukoo wanawajua na kuwapenda. Ni wazuri kwa ugomvi wa kawaida. Lakini mara nyingi wana upande, na maneno yao huweza kufika kwa wakwe kabla yenu kurudi nyumbani.

Padre ni mchungaji wa roho zenu. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile.

Mshauri nasaha amefunzwa kuwasikiliza watu na kuwasaidia kupata njia katika matatizo ya maisha, yakiwemo ya ndoa.

Mwanasaikolojia amesomea kwa kina jinsi akili na hisia zinavyofanya kazi. Anaweza kupima na kutibu kwa mazungumzo matatizo mazito zaidi, kama vile huzuni isiyokwisha, hofu, au madhara ya ukatili wa utotoni.

Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu kamili, naye ndiye awezaye kuwaandikia dawa. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret zina madaktari wa namna hii.

Msihangaike kama hamjui mwanzoni ni yupi mnayemhitaji. Mtaalamu mwaminifu akiona tatizo lenu limezidi uwezo wake, atawaelekeza kwa mwingine.

3. Tumtafute wapi?

Anzeni na hospitali ya kaunti iliyo karibu. Ulizeni kama ina kitengo cha ushauri nasaha au cha afya ya akili. Mwulizeni paroko wenu, maana mapadre wengi wanawafahamu wataalamu waaminifu. Vyuo vinavyofundisha elimu hii, kama Tangaza na Daystar jijini Nairobi, navyo vyafaa kuulizwa. Kama fedha ni chache, ulizeni kama yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayehudumu chini ya usimamizi wa mwalimu wake.

Wenye intaneti waweza kuzungumza na mtaalamu kwa simu. Hiyo ni njia nzuri kwa wanaokaa mbali na mji, mradi muwe mahali ambapo watoto na majirani hawasikii.

4. Maswali matano kabla ya kuanza

Yaandikeni haya kwenye karatasi na mwende nayo.

Kwanza: "Je, umesajiliwa?" Hapa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, na inakataza mtu kufanya kazi hii bila usajili. Ombeni kuona cheti. Anayestahili huonyesha bila manung'uniko.

Pili: "Je, umewahi kuwahudumia wanandoa pamoja?" Kumsikiliza mtu mmoja ni kazi tofauti na kuwasikiliza wawili waliokasirikiana. Mtu aweza kuwa hodari kwa vijana wenye ulevi na asiwe na ujuzi wa ndoa.

Tatu: "Siri zetu zitalindwaje?" Mtaalamu hufungwa na maadili ya kazi yake, lakini siri yake si kama ya kitubio. Kuna nyakati anaweza kulazimika kusema: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikimwamuru. Na awaeleze haya wazi mwanzoni. Kuhusu maandishi atakayoweka, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya na za ndoa kuwa nyeti, zenye kuhitaji ulinzi wa pekee.

Kuna upande mwingine wa siri ambao wengi husahau kuuliza. Tuseme Petro alichukua mkopo ambao Anna haujui. Siku moja mtaalamu anaonana na Petro peke yake, naye Petro anamweleza habari za mkopo ule. Je, mtaalamu atanyamaza mbele ya Anna? Wataalamu wengine hushika siri ya kila mmoja. Wengine husema tangu mwanzo kwamba hawatabeba siri ya mmoja dhidi ya mwenzake. Jueni utaratibu wake kabla hamjaanza, msije mkaumizana zaidi.

Nne: "Sisi ni Wakatoliki, na ndoa yetu ni sakramenti. Utaweza kuliheshimu jambo hilo?" Si lazima awe Mkatoliki. Yatosha awe mtu asiyedharau imani yenu, na asiyewaletea mahubiri yake badala ya kazi mliyomwendea.

Tano: "Gharama ni kiasi gani, na kila mkutano ni wa muda gani?" Kwa kawaida mkutano huchukua kama saa moja, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Ulizeni pia ada ya siku mtakayoshindwa kufika. Ni afadhali kujua mapema kuliko kukatiza njiani kwa kukosa karo ya watoto.

5. Siku ya kwanza

Msitazamie muujiza. Siku ya kwanza mtaalamu husikiliza. Atawauliza mlikutanaje, shida ilianza lini, na kila mmoja anataka nini kibadilike. Jitayarisheni kwa kila mmoja kuandika sentensi moja tu: "Nikirudi nyumbani miezi mitatu kutoka sasa, ningependa kuona jambo hili." Msiandike, "Nataka mke wangu abadilike." Andikeni jambo linaloonekana, mathalani, "Tule chakula cha jioni pamoja bila kugombana juu ya fedha."

Tena msiende kama watu wanaokwenda kortini. Mtaalamu si hakimu wa kuamua nani ana makosa. Kila mmoja asimulie yake, na mwenzake asimkatize.

6. Mpeni muda, kisha mpime

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika kwamba ili mtu abadilike, anahitaji msaidizi aliye mkweli, anayemkubali bila masharti, na anayejitahidi kuyaelewa maisha yake kutoka ndani. Wachunguzi waliofuata wameona vivyo hivyo, kwamba uhusiano mwema kati ya mteja na mtaalamu una uzito mkubwa katika kupona.

Basi baada ya mikutano mitatu au minne, ketini wawili nyumbani mjiulize: Je, sote wawili tunasikilizwa, au ni mmoja tu? Je, tunajua tunaelekea wapi? Je, kuna jambo dogo tulilojaribu nyumbani likafaa? Kama majibu hayaridhishi, mwambieni mtaalamu mwenyewe: "Tunaona hatusogei." Aghalabu atabadilisha njia. Kama bado, mna ruhusa ya kwenda kwa mwingine. Kubadilisha mtaalamu si kushindwa, wala si kumtukana.

Msimwache kwa sababu tu amewagusa mahali penye kidonda, maana dawa nayo huwasha. Lakini ondokeni mara moja akitangaza habari zenu, akimtongoza mmoja wenu, akiwaomba mkopo, akiwaahidi uponyaji wa hakika kwa malipo makubwa, au akiwaamuru kuachana kabla hajawasikiliza.

7. Mwenzangu akikataa

Hili ni la kawaida, hasa kwa akina baba waliofundishwa kwamba mwanamume halii. Usimwambie, "Wewe una wazimu, nenda ukatibiwe." Sema, "Baba Otieno, mimi nimechoka na ugomvi huu na bado nakupenda. Nimepanga kwenda kuzungumza na mtu. Ningefurahi twende pamoja, hata mara moja tu." Akikataa, nenda peke yako. Mmoja akianza kujibu kwa namna mpya, nyumba nzima yaweza kubadilika.

8. Tahadhari mbili

Mahali penye kipigo au vitisho, msianze na mikutano ya pamoja. Anayepigwa hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga, na maneno ya mchana huweza kumletea fimbo usiku. Usalama wake na wa watoto ndio hatua ya kwanza. Namba ya simu 1195 hupokea bila malipo wanaodhulumiwa, na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 huwezesha mahakama kutoa amri ya kuwalinda. Kusamehe si kukubali kuuawa.

Na mmoja wenu akisema hataki tena kuishi, msingojee miadi. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Wala msiogope polisi: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba.

Wapendwa, mficha uchi hazai. Nyumba nyingi huvunjika si kwa kukosa upendo, bali kwa sababu msaada ulitafutwa wakati mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa mlangoni. Ulizeni mapema, chagueni kwa utulivu, na mwendeni pamoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni jambo gani kati yetu ambalo tumelizungumza mara nyingi bila kufika popote?
2. Ni nini kinachonitia hofu au aibu nikifikiria kumweleza mtu wa nje?
3. Kati ya yale maswali matano, ni lipi lililo muhimu kwangu zaidi, na kwa mwenzangu ni lipi?
4. Nani atapiga simu ya kwanza, na siku gani?