Istilahi za Afya kwa Wanachuo: Neno la Darasani Lifikapo Zahanati

Wanachuo wa fani za afya hufika katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya yetu kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Wamefundishwa kwa Kiingereza na wamefanya mitihani kwa Kiingereza. Mgonjwa anayewasubiri kwenye benchi kule Kisiwani anazungumza Kiswahili, na akiwa mzee wa milimani huenda Chasu ndiyo lugha anayoeleza nayo maumivu yake vizuri zaidi. Makala haya yamekusudiwa wanachuo hao, na pia wanachuo wa fani nyingine ambao wakiwa likizo huitwa na wazazi wao kusoma kilichoandikwa kwenye cheti cha kliniki. Hatutapitia istilahi zote. Tumechagua zile ambazo zikieleweka visivyo, mtu hudhurika.

Tuanze na chanya na hasi. Katika mazungumzo ya kila siku, mtazamo chanya husifiwa na mtazamo hasi hulaumiwa. Maabara hali ni tofauti: chanya maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana, na hasi ni kwamba hakikuonekana. Mama akiambiwa tu kuwa majibu ya mtoto ni chanya, anaweza kumshukuru Mungu na kuondoka. Mwanachuo hana budi kutamka sentensi nzima: "Mama, kipimo kimeonyesha kwamba mtoto ana vimelea vya malaria, na dawa yake ni hii."

Hata hivyo, majibu hayo yana mipaka yake. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya vimelea katika damu, na protini hiyo huweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dawa juzi akipimwa tena huweza kuonyesha chanya ilhali hana malaria. Hapo ndipo hadubini huhitajika. Kwa upande wa pili, mtu aliyeambukizwa Virusi vya Ukimwi siku chache zilizopita huweza kupata majibu hasi, kwa kuwa mwili wake bado haujatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana katika kipimo. Anapoombwa arudi kupimwa tena, asidhani kwamba mtaalamu ana mashaka na tabia yake.

Neno la pili ni homa. Katika istilahi za tiba, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili. Lakini kwa wengi wetu, hasa tunaoishi tambarare, kusema "nina homa" ni sawa na kusema "nina malaria". Hapo ndipo mtu hupita duka la dawa, akanunua dawa mseto bila kupimwa, akazimeza nusu, akapata nafuu kidogo na kuzihifadhi zilizobaki kwa ajili ya homa ijayo. Homa ile huenda ilikuwa ya nimonia au ya maambukizi katika njia ya mkojo, na wakati wa kuitibu umepotea. Ikiwa kweli ni malaria isiyo kali, dawa mseto ya kawaida humezwa kwa siku tatu: dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi dozi sita zitimie, na vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta au maziwa. Neno dozi lina maana mbili midomoni mwa watu: kiasi cha mara moja na matibabu yote. Mwanachuo aeleze anakusudia ipi.

Pamoja na homa huja degedege. Zipo familia ambazo hulihesabu kuwa jambo lisilo la hospitali, na mtoto hupelekwa kwingine kwanza. Kumcheka bibi anayeamini hivyo hakusaidii. Atanyamaza, na safari ijayo hatakueleza. Afadhali aambiwe kwa heshima kwamba mtoto mwenye homa akitukutika au akipoteza fahamu, hiyo ni dalili ya hatari, na huenda ni malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Kila saa ina thamani.

Kuhusu malaria, wilaya yetu ina historia inayostahili kujulikana na kila mwanachuo. Kati ya mwaka 1955 na 1959, chini ya Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, nyumba za tambarare za Upare na za Taveta, ng'ambo ya mpaka, zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrin. Utafiti uliongozwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Mbu waenezao malaria walipungua mno, na maambukizi yakashuka. Upuliziaji ulipositishwa, mbu walirejea taratibu, na malaria ikawafuata.

Kisa hicho kinafafanua istilahi mbili kuliko kitabu chochote. Kudhibiti ugonjwa ni kuushusha na kuushikilia pale; kuutokomeza ni kuhakikisha kwamba maambukizi hayaendelei tena. Wazee wetu walishuhudia la kwanza. Istilahi ya tatu ni dawa-ukoko, ambayo kwa maoni ya mwandishi ni miongoni mwa tafsiri bora kabisa tulizonazo. Kama ukoko wa wali unavyong'ang'ania sufuria, dawa hii hubaki ukutani kwa miezi, na mbu aliyeshiba damu akitua ukutani kupumzika, hukutana nayo. Anayeelewa neno hili hatahitaji kuombwa asipake udongo au chokaa juu ya ukuta uliokwisha kupuliziwa.

Kwa upande wa kifua kikuu, tofauti ndogo ya maneno hupoteza wiki nzima. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi huombwa sampuli ya makohozi, naye mara nyingi huleta mate. Makohozi hutoka ndani ya kifua kwa kukohoa kwa nguvu. Mate ni ya kinywani, na kipimo chake huweza kuwa hasi huku ugonjwa upo. Mwonyesheni mgonjwa kwa vitendo, mkiwa nje penye hewa.

VVU na UKIMWI navyo vitenganishwe. VVU ni virusi. UKIMWI ni hali inayofuata kinga ya mwili inapoporomoka. Anayetumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo huweza kuishi miaka mingi bila kufikia hali hiyo, na kumwita "mgonjwa wa UKIMWI" ni kosa la kitaalamu kabla ya kuwa kosa la adabu.

La mwisho ni rufaa. Mwananchi amelizoea mahakamani, ambako hukata rufaa aliyeshindwa. Akiambiwa ana rufaa ya kwenda Moshi, wengine husikia kwamba zahanati imemshindwa na safari ni ya kifo. Ndugu huanza vikao, na gari hukodiwa kesho yake. Rufaa ni kupandishwa ngazi: kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi, na KCMC katika ngazi ya kanda. Mgonjwa aambiwe anakwenda kufuata nini, kipimo gani au daktari gani, na aende na barua yake mkononi. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, usafiri wa rufaa huombwa kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo.