Hewa ukaa kwenye kihamba cha kahawa: ninavyofanya kabla ya kuweka sahihi

Tangu biashara ya hewa ukaa (kulipwa kwa miti inayoivuta kutoka angani) ianze kutajwa kwenye mikutano ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, wakulima wenzangu wa vihamba (mashamba ya urithi) huku Moshi Vijijini wananiuliza swali moja: ina hela? Hela ipo, ila ni ndogo, inachelewa, na humfaa zaidi yule ambaye kahawa yake tayari inatunzwa. Ukiingia kwa matarajio hayo hutavunjika moyo. Haya ndiyo ninayoyafanya na ninayowashauri wengine.

1. Orodhesha miti iliyopo

Soko la hewa ukaa linalipia kile kilichoongezeka. Mringaringa aliouacha babu hauhesabiwi, hata uwe mkubwa namna gani, kwa sababu ungekuwepo mradi uwepo usiwepo. Kwa hiyo kabla ya kupanda chochote, zunguka shamba na daftari: aina ya mti, unene wake, uko upande gani. Piga picha kwa simu na uchukue majiranukta ya shamba (vipimo vya GPS vya mahali lilipo). Taarifa hiyo ina kazi nyingine pia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kupinga ukataji misitu inadai kahawa iwe na majiranukta ya shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020.

2. Panda mti ambao kahawa inautaka

Wapo wanaokimbilia mkaratusi kwa kuwa unakua haraka. Kwenye kahawa sikushauri, unanyang'anya maji. Mimi napenda mfuruanje, ambao majani yake mepesi yanapitisha mwanga na mizizi yake inarutubisha udongo kwa naitrojeni. Mringaringa ni mzuri kwa mbao. Mgrivea unavumilia kukatwa matawi, nayo yanakuwa kuni na matandazo. Acha nafasi ya mita kumi hivi kati ya mti na mti. Kivuli kikizidi, kahawa inarefuka kutafuta jua, maua yanapungua na unyevu unakaribisha magonjwa. Simama chini ya mti saa sita mchana: usipoona madoa ya jua ardhini, panda ngazi ukapunguze matawi.

3. Pima mwenyewe

Kinachouzwa ni tani moja ya hewa ukaa iliyoondolewa angani. Hesabu yake haihitaji shahada. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, uizungushe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mgrivea wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30. Kwa makadirio yanayotumika kwa miti ya mashambani, mti wa unene huo una kilo kama 400 za uzito mkavu juu ya ardhi. Karibu nusu yake ni kaboni, tuseme kilo 188. Zidisha kwa 3.67 kupata hewa ukaa: kilo 690.

Yaani mti uliochukua miaka kumi au zaidi kunenepa, ukiacha mizizi, haujafikisha tani moja. Akija mtu na kukuahidi mamilioni kwa miche ya msimu huu, mwonyeshe hesabu hiyo.

4. Uliza asilimia ya nini

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Acorn, mpango wa benki ya Rabobank ya Uholanzi, humpa mkulima asilimia 80 ya bei ya mauzo. TIST, mpango wa wakulima wadogo kupanda miti ulioanzia Mpwapwa mwaka 1999 na baadaye ukaenea hadi maeneo ya Mlima Kenya, hugawa asilimia 70 ya faida, pamoja na malipo madogo ya awali kwa kila mti ulio hai. Bei na faida si kitu kimoja. Tuseme tani imeuzwa dola 20. Asilimia 80 ya bei ni dola 16. Asilimia 70 ya faida, kama gharama zimekula dola 10, ni dola 7. Simaanishi kwamba mpango mmoja ni mbovu, maana anayelipa mapema na kutoa huduma naye ana gharama. Nasema uliza, na ujibiwe kwa maandishi.

Uliza pia: Nalipwa mti ukikua au ukipandwa? Mti ukikauka nani anabeba hasara? Naruhusiwa kukata nikitaka mbao za ada ya shule? Mkataba ni wa miaka mingapi, na nikifa unamfunga mwanangu atakayerithi kihamba? Kahawa nabaki huru kumuuzia nimtakaye?

Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Dalali asiyeweza kukuonyesha kwamba mradi wake umesajiliwa, mpe chai umsindikize.

5. Kahawa kwanza

Kupogolea, kuondoa maotea, kuweka samadi na matandazo, kubadilisha mibuni mikongwe kwa miche ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani: hizi ndizo kazi zinazoleta pesa ya uhakika. Baadhi yake zinapunguza pia gharama. Samadi na majani ya mfuruanje yakikupunguzia mfuko wa mbolea ya naitrojeni, umeokoa fedha na umepunguza gesi joto ya naitrasi oksaidi inayotoka kwenye udongo uliozidishiwa mbolea. Hata usipolipwa kwa hilo, umefaidika.

Kipimo changu ni hiki: je, mti huu ningeutaka hata kama malipo ya kaboni yangekoma kesho, na kilichonizuia ni bei ya mche tu? Kama jibu ni ndiyo, mradi unakusaidia kufanya jambo lako. Kama ni hapana, unakuwa kibarua wa mwingine kwenye kihamba chako.

Mwisho, msisaini mmoja mmoja mkiwa barazani. Pelekeni mkataba kwenye mkutano wa AMCOS, usomwe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, mwanasheria akiwepo, na kila mwanachama aondoke na nakala yake.