Kusahihisha Sentensi za Kiingereza kwa Jicho la Sarufi ya Kiswahili

Mwanafunzi aandikapo sentensi ya Kiingereza yenye kasoro, aghalabu Kiswahili ndicho hushtakiwa kwanza, na hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kuchunguzwa. Mwaka 1957 Robert Lado alishikilia kuwa ugumu wa kujifunza lugha ya pili hutokana hasa na tofauti zake na lugha ya kwanza. Dai hilo lina ukweli, ila si ukweli wote.

Tuchukue sentensi hii: “The book that I bought it is lost.” Kalamu nyekundu hulikata neno “it”, na kazi huishia hapo. Juma linalofuata kosa hurudi, maana mwanafunzi hakuelezwa lilikotoka. Kiswahili huruhusu “kitabu nilichokinunua”: -cho- ni kiambishi cha urejeshi, -ki- ni cha yambwa, navyo vyote viwili hurejelea kitabu kile kile. Mtu aweza pia kusema “kitabu nilichonunua” asivunje kanuni yoyote. Kiingereza hakitoi hiari hiyo. Kirejeshi kikishatajwa, nafasi ya yambwa huachwa wazi. Mwalimu akiziandika sentensi hizi ubaoni, moja chini ya nyingine, mwanafunzi atatambua kuwa “it” yake ni kile kiambishi -ki- kilichovuka mpaka.

Ndivyo ilivyo pia kwa “Although he was sick, but he came.” Wengi husema “ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja”, japo wapo wanaoikosoa “lakini” hiyo hata katika Kiswahili. Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja, chochote kati ya hivyo viwili.

Kosa zito zaidi ni la kujibu swali kanushi, kwa kuwa hapa maana yenyewe hupinduka. “Didn't you pay?” Mwanafunzi ambaye hakulipa hujibu “Yes”, akikubaliana na muulizaji kama ambavyo angesema “Ndiyo, sikulipa.” Mwingereza huelewa kwamba amelipa. Katika afisi ya karo, au mbaya zaidi mahakamani, neno hilo moja laweza kumtia mtu matatani.

Kuhusu kuchanganya “he” na “she”, ni kweli kwamba kiambishi a- na kiwakilishi yeye havibainishi jinsia. Lakini Gikuyu na Dholuo hazibainishi pia. Huenda mwanafunzi wa Murang'a au Siaya amelitoa kosa lake nyumbani, kabla hajakutana na Kiswahili darasani.

Yapo pia makosa yasiyo na asili katika lugha yoyote ya Kiafrika. “Goed” husemwa na watoto wa Waingereza wenyewe, wanaoipanua kanuni ya wakati uliopita hadi isikofika. S. P. Corder alieleza mwaka 1967 kuwa makosa ya namna hii ni dalili ya mfumo ambao mwanafunzi anaujenga akilini. Kwa “goed”, basi, ulinganishi na Kiswahili hauna kazi. Orodha ya vitenzi vinavyokiuka kanuni na mazoezi ya kutosha vitafaa zaidi.